Kamera Isiyolala Nyumbani

Jumamosi, 2 Machi

Shangazi amehamia kwangu leo, na mvua imehamia naye. Kaja na begi moja la nguo na mto wake mwenyewe, maana anasema mito yangu ni ya kumkomoa mgeni. Anaongea kwa kunong'ona. Shangazi huyu, ambaye enzi za studio yake ya picha alikuwa akimwambia mteja atabasamu hata jirani wa pili anatabasamu, sasa ukitaka kumsikia lazima uzime redio.

Daktari ametueleza vizuri. Ni uvimbe mdogo kwenye uzi mmoja wa sauti. Ni saratani, lakini imewahiwa. Hatakatwa. Atapigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki sita, na wenye ugonjwa wa namna hii wengi hupona na sauti yao hurudi, mradi wasikatishe tiba. Hilo la kukatisha alilirudia, tena akimtazama Shangazi usoni. Nadhani watu wakaidi hujulikana hata kwa macho.

Hospitali yenyewe ndiko ninakofanya kazi. Si daktari wala muuguzi. Mimi ni fundi wa kamera na kompyuta, ingawa mlango ukikwama nao huniita. Ndiyo maana Shangazi kafikia kwangu na si kwa bintiye. Nimeamua kuandika kila siku kidogo, kwa sababu nyumba ni ya vyumba viwili na si kila ninachowaza naweza kukisema mbele yake.

Jumanne, 5 Machi

Wamemtengenezea kinyago. Ni plastiki yenye matundu matundu, wanailainisha kwenye maji ya moto, wanamlaza mtu, wanamfunika nayo uso na shingo mpaka inashika umbo lake. Siku za tiba kitafungwa kwenye kitanda ili asitikisike. Nilidhani atagoma. Aliinuka akanong'ona kwamba miaka thelathini amewaambia watu watulie wasitikisike, basi na yeye zamu yake imefika.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Jikoni panavuja palepale.

Jumatatu, 11 Machi

Ameanza. Niliomba ruhusa nikae chumba cha kuongozea mashine mpaka amalize.

Mgonjwa hubaki peke yake mle ndani. Mlango ni mzito, kuta zina unene sawa na upana wa kitanda, na sisi tunamwona kupitia kamera niliyoifunga mimi mwenyewe kwenye kona ya dari. Anayeiongoza mashine ni dada mmoja tunayemwita Pumzi, kwa kuwa siku nzima kazi yake ni kuwaambia watu kwenye kipaza sauti wavute pumzi, watulie. Kando yake alikuwa Rula, mwanafizikia wetu. Rula hupima kila kitu mara mbili. Mwezi uliopita aliniandikia malalamiko kwa bosi kwamba waya wangu umepita karibu mno na meza yake, na kweli alikuwa ameupima. Simpendi, na sidhani kama amewahi kugundua.

Shangazi alilala kimya, mikono ubavuni. Dakika chache tu, kwisha. Alipotoka alisimama mbele ya skrini yetu, akakunja uso, akauliza kama hiyo skrini hatuifuti vumbi, mbona ina vidoa vyeupe. Pumzi akacheka. Mimi nikamwambia si vumbi, nitamweleza nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Kaenda, karudi, kala, kalalamikia mito.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imenyesha toka asubuhi. Shangazi amepanga upya kabati langu la vyombo bila kuulizwa. Sasa sioni kijiko.

Jumapili, 17 Machi

Leo binamu yangu alikuja kumwona mama yake. Namwita Dada, kwa sababu alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na hajawahi kuniacha nisahau. Tulikaa mezani watatu, mvua juu ya bati, chakula kizuri. Shangazi akakumbuka vile vidoa, akaniuliza.

Nikamweleza. Jicho la kamera, nikasema, lina nukta ndogondogo mamilioni, kila moja inapokea mwanga wake. Mionzi inapozagaa mle chumbani inaziharibu moja moja. Nukta ikishaharibika inaona weupe hata gizani, na haiponi tena. Ndiyo vile vidoa. Kila mwaka natoa kamera iliyoota upele naweka mpya. Dada akacheka, na mimi nikiona mtu anacheka huwa sijui kufunga mdomo. Nikaongeza habari za kompyuta ambayo zamani iliwekwa mle ndani, kabla sijaajiriwa, ikawa inapagawa bila sababu: leo inazima, kesho namba kwenye diski zimejibadilisha zenyewe. Wakaihamishia nyuma ya ukuta, ikapona.

Kwa kweli nilifurahi. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza kazi yangu kwa undani. Sikuona saa ngapi Shangazi aliweka kijiko chini.

Jumatatu, 18 Machi

Hakwenda. Alisema kichwa kinamuuma.

Jumanne, 19 Machi

Si kichwa.

Asubuhi nimemkuta amevaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Nikadhani tunatoka. Akaniambia hatoki. Akanong'ona taratibu ili asirudie: mashine inayoua kamera iliyo juu kwenye kona, yeye amelazwa chini yake moja kwa moja, na watu wameketi nyuma ya ukuta wanamwambia atulie.

Nikamwambia mtu si kamera. Akaniuliza nimejuaje. Nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijui. Mimi najua kamera.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Zamani za filamu, mteja mmoja alisafiri kwa ndege na filamu za maziko ya baba yake, akamletea azisafishe. Zilikuwa ndani ya mikebe, ndani ya begi, begi limefungwa. Lakini begi lilipita kwenye mashine ya ukaguzi. Zilipotoka kwenye dawa zilikuwa na ukungu mwanzo hadi mwisho, mawimbi ya kijivu juu ya nyuso za watu, na marehemu haonekani. Shangazi ndiye aliyemkabidhi yule mtu bahasha. Anasema tangu siku hiyo anajua kwamba mionzi haibishi hodi, na kwamba madhara yake huyaoni mpaka picha itoke.

Nimempigia daktari. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Amesema siku mbili tatu zinaweza kufidiwa. Wiki nzima, hawezi kuniahidi kitu, maana ugonjwa ukipumzishwa nao unapata nguvu. Nimempigia Dada, yeye amenikaripia kwa niaba ya wote. Mama alikuwa anaendelea vizuri, kasema, wewe na upele wako wa kamera. Mdomo uliponza kichwa, na hapa kichwa chenyewe si changu.

Nimejaribu tena jioni. Nimebembeleza, nimelia kidogo, nimetishia. Shangazi ameshika lake. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa Rula. Pumzi ndiye aliyenisukuma, mimi nilitegemea kuchekwa. Rula alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chochote mezani, kisha akauliza mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia mpiga picha, tena wa enzi za chumba cha giza. Akasema basi swali lake ni zuri, na mtu mwenye swali zuri hajibiwi kwa kubembelezwa. Kaniambia nimuulize yeye mwenyewe anataka kuona nini.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza. Alikuwa na jibu tayari, nadhani alikuwa nalo tangu Jumapili. Anataka vitu vyake viwili vilazwe pale anapolazwa yeye, vipigwe kiasi kilekile anachopigwa kwa siku, kisha avione. Cha kwanza ni filamu mpya isiyopigwa picha. Cha pili ni kadi ya kumbukumbu yenye picha za harusi ya Dada, kazi yake ya mwisho kabla ya kufunga studio. Nikamwambia achague kadi nyingine, hiyo ni moja tu. Akasema kitu usichokijali hakiwezi kukufundisha neno.

Filamu kaileta Dada jioni kutoka stoo ya studio, na kadi Shangazi kanikabidhi mwenyewe kutoka begini. Nimeinakili yote kwenye kompyuta yangu kimyakimya kabla sijampelekea Rula. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 21 Machi

Mkono umechoka lakini hii lazima niiandike yote.

Mgonjwa wa mwisho wa asubuhi alipotoka, Rula alilaza filamu na kadi juu ya kitanda, pale inapokaa shingo ya Shangazi. Akapima. Akapima tena. Kwa mara ya kwanza nilitamani apime na mara ya tatu. Pumzi akafunga mlango, akabonyeza, na kwa mazoea akaviambia vitulie. Nikarudi nyumbani navyo mfukoni kwenye mvua, nimevishika kwa mkono mzima.

Dada alikuwa ameshafika na vyombo vya mama yake kutoka stoo: birika jeusi la kuoshea filamu, dawa za unga ambazo pakiti zake hazijafunguliwa, kipimajoto, na filamu ya pili iliyotoka paketi moja na ile ya kwanza. Hiyo haikwenda hospitali, ilibaki nyumbani iwe ya kulinganishia. Shangazi ndiye aliyelitaka hilo. Tukaziba dirisha la bafu kwa mablanketi, tukatandika taulo chini ya mlango, tukabanana mle watatu.

Sijawahi kumwona Shangazi akifanya kazi hii. Studio ilipokuwa na chumba cha giza mimi nilikuwa mtoto na nilikatazwa kuingia. Leo gizani nilisikia vidole vyake tu, filamu ikijikunja kwenye gurudumu lake bila kukwama, na mnong'ono ukitoa amri: maji, saa, tikisa, acha, nimesema acha. Dada alinikanyaga mara mbili na hakuniomba radhi hata moja. Kwa muda ule hakukuwa na mgonjwa ndani ya nyumba.

Tukafungua mlango. Akazitundika filamu mbili kwenye kamba ya nguo, vibanio juu na chini. Iliyobaki nyumbani ilikuwa angavu, ukungu kidogo wa uzee. Iliyokwenda hospitali ilikuwa nyeusi kutoka kichwa hadi mkia. Ukiiweka mbele ya taa huoni taa.

Dada alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Shangazi alizitazama zote mbili, akashika shingo yake kwa kiganja, na mimi nikajua kwamba nimempoteza, na kwamba nimempoteza kwa mikono yangu.

Halafu akasema kadi.

Nikaifungua kwenye kompyuta, mezani. Ikafunguka. Picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Dada analia mpaka wanja umefika kidevuni. Mimi nimeshika kiatu kilichokatika kisigino. Baba mkwe wa Dada amesinzia. Rangi zote zipo, nyuso zote zipo. Shangazi alizitazama moja moja mpaka ya mwisho, kisha akatikisa kichwa. Macho hudanganya, akasema. Kati ya nukta mamilioni, moja ikibadilika yeye ataijuaje?

Hilo lilikuwa swali la fundi, na nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia kwamba jana niliinakili kadi yake bila ruhusa. Nikaiita ile nakala, nikaiamuru kompyuta ilinganishe ya jana na ya leo, alama kwa alama, si kwa macho. Ilichukua muda, mvua ikapungua, ikazidi tena. Jibu likaja: hakuna tofauti hata moja.

Shangazi alinigeukia. "Kwa hiyo na wewe hukuiamini ile mashine."

"Sikuiamini, Shangazi. Niliogopa kama wewe."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Sauti haikutoka, lakini alicheka, na Dada akacheka kwa sababu ya kumwona anacheka.

Jioni mapema Rula akagonga. Nilikuwa nimemwomba kwa simu bila kutegemea kwamba atakuja. Mwavuli wake ulikuwa umegeuka nje ndani, suruali imelowa mpaka magotini. Alivua viatu mlangoni, akazitazama filamu kwenye kamba, akasema zimeoshwa vizuri sana. Shangazi akamwonyesha kiti. Mazungumzo yao nitayaandika kama yalivyokuwa, maana sitaki kuyasahau.

"Vilikwenda pamoja," Shangazi akanong'ona. "Kwa nini hii imekufa na hii iko hai?"

"Filamu kazi yake ni kushika chochote kinachoigusa, mama. Haiachii na haijisahihishi. Kadi, kiasi cha leo kwake ni kidogo, tena kila picha imeandikwa na alama za ziada. Kosa dogo likitokea, kadi inaligundua na kulirekebisha yenyewe."

"Na koo langu ni lipi kati ya hivi viwili?"

"Halifanani na filamu. Nyama yenye afya ya mwili wako inajishona kuliko kadi yoyote. Ndiyo maana tunakupa kidogo kidogo: unapigwa, unakwenda nyumbani, unalala, inajishona. Uvimbe hauna ufundi huo wa kushona. Kila siku unabaki nyuma."

"Na ile kamera yenu?"

"Kamera hailali nyumbani, mama. Inakaa mle na kila mgonjwa, siku zote, na haina cha kujishonea."

Shangazi akaitazama tena ile filamu nyeusi. "Basi mimi sitaumia."

"Utaumia," Rula akasema. "Koo litawaka. Shingo itakuwa nyeusi. Sauti itaisha kabisa kabla haijarudi. Na hata kadi hiyo, ningeiacha mle mwaka mzima, nisingekuahidi picha hata moja."

Nilitamani nimfunge mdomo kwa taulo. Mtu ameshaanza kukubali, wewe unamwambia litawaka! Dada naye alikuwa amemkodolea macho. Shangazi akamtazama yule bwana kwa muda, jinsi alivyokuwa akimtazama mteja kabla ya kumpiga picha, kisha akauliza kesho ni saa ngapi.

Rula alipokwenda mlangoni kuvaa viatu nilimuuliza Shangazi ni nini kilichomgeuza. Akasema angemwambia halitauma asingemwamini.

Nimemsindikiza Rula mpaka barabarani na mwavuli wangu. Nikamwambia nitausogeza ule waya. Akasema ni sentimita kumi tu.

Ijumaa, 22 Machi

Amekwenda! Amekwenda asubuhi na amekwenda jioni. Siku alizokosa zitafidiwa hivyo, Ijumaa nne mfululizo, mara mbili kwa siku, na katikati saa sita za kupumzika. Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatatu. Sasa ni saa mbili usiku, nakwenda kulala kama mtoto.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Kaenda, karudi. Kanifundisha kukunja shuka lenye mpira pembeni. Sijaelewa.

Jumanne, 2 Aprili

Sauti imeisha. Hata mnong'ono hautoki. Alivyosema Rula, na bado nimeshtuka kama sikuambiwa. Tumenunua ubao mdogo na chaki. Neno la kwanza aliloandika: CHUMVI. La pili: NYINGI.

Jumamosi, 6 Aprili

Dada amehamia kwetu. Nilidhani kaja kunisimamia, kumbe kaja kunisaidia. Analala chini, kwenye godoro la wageni, anaamka kabla yangu kuponda viazi na kuchuja supu, kwa sababu mama yake hamezi kigumu tena. Leo tukiosha vyombo ameniambia kwamba siku ile aliponikaripia alikuwa amekaa kwenye ngazi za kazini kwake analia. Nimemwambia mimi nilikuwa nimekaa stoo ya hospitali kwenye rundo la waya nalia. Tumeishi miaka yote hii kila mmoja akidhani mwenzake ni jiwe.

Jumanne, 9 Aprili

Shingo imekuwa nyeusi, ngozi inabanduka. Kumeza kijiko kimoja ni kazi ya dakika nzima, na machozi. Tukimaliza ananipigapiga mkono yeye, eti ananituliza mimi.

Leo shaka imenirudia. Tuseme tulikosea? Ile filamu bado iko kwenye kamba, hakuna aliyeiondoa, na kila nikienda kuoga naiona. Nimeitoa nikaitia kwenye pipa la taka. Shangazi kaniona. Kaandika ubaoni: MIMI SI FILAMU. Kisha akafuta kwa kiganja akaandika: LALA.

Ijumaa, 12 Aprili

Ijumaa ya mwisho ya mara mbili. Rula alisimama nyuma yangu chumba cha kuongozea. Vidoa kwenye skrini vimeongezeka, nilianza kuvihesabu nikaacha. Kwa miaka nimeitazama skrini hii na kuona vidoa tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Leo nilimwona mtu aliye nyuma yake, mwanamke mdogo chini ya mashine kubwa, ametulia kama alivyoahidi. Nimemuuliza Rula kama anaogopa wakati mwingine. Akasema kila siku, ndiyo maana anapima mara mbili.

Ijumaa, 19 Aprili

Amemaliza. Pumzi kamkumbatia. Mvua ilisimama kwa muda tuliovuka barabara, ikaendelea tulipofika upande wa pili.

Jumapili, 5 Mei

Shangazi na Dada wameondoka. Anameza viazi vizima sasa, na mnong'ono umerudi kidogo. Mto wake kauacha, anasema nauhitaji kuliko yeye. Nyumba imekuwa kubwa. Daktari anasema tungoje vidonda vikauke ndani, mwezi mmoja hivi, ndipo atazame.

Jumanne, 14 Mei

Mvua chache. Nimepata kijiko changu, kilikuwa kwenye droo ya taulo.

Jumapili, 26 Mei

Jua. Nimeanika magodoro yote. Moyo haujatulia, zimebaki siku nane daktari atazame.

Jumatatu, 3 Juni

Niliomba kuingia, daktari akaniruhusu. Dada alikuwa upande mmoja wa kiti, mimi upande wa pili, kila mmoja kashika mkono wake. Daktari akapitisha puani mrija mwembamba wenye kamera nchani, ukashuka, na kwenye skrini tukaziona nyuzi za sauti za Shangazi. Mbili, nyembamba, zinafunguka na kufunga. Daktari akarudisha mrija juu, akaushusha tena kutazama kona nyingine.

"Safi," akasema. "Pande zote mbili. Uvimbe haupo."

Dada alipiga magoti palepale sakafuni. Mimi nilibaki nimesimama, machozi yananitoka, nacheka. Shangazi, mrija ulipotolewa, aliinama kwenye skrini akaitazama picha ya koo lake mwenyewe, akanong'ona kwa daktari kwamba taa yake ni kali mno upande wa kushoto.

Ataendelea kuchunguzwa kila baada ya miezi michache. Daktari amesema hivyo kwa uangalifu na sisi tumesikia kwa uangalifu. Lakini leo ni leo. Nilipita kwa Rula kumwambia, nikamkuta anapima kitu, nikamngoja amalize mara ya pili. Aliniomba nirudie nilichosema. Kisha akavua miwani akaifuta, na alichelewa sana kuivaa.

Jumamosi, 15 Juni

Hakuna mvua wiki nzima. Nimemtumia Shangazi ujumbe, kajibu kwa maandishi kwamba hajambo. Sauti bado ni ya kunong'ona, Dada anasema. Daktari alishatuonya kwamba yenyewe huja inapotaka, na kwa wengine hairudi yote. Aliye hai na asiye na sauti ni wetu vilevile. Najiambia hivyo, na kwa sehemu kubwa naamini.

Jumamosi, 29 Juni

Mchana nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, nafunga waya, simu ikaita. Namba ya Dada. Nikaibana kwa bega. Nikapokewa na maneno kwa sauti ya juu: wiki mbili sijapiga simu, ujumbe ujumbe tu, ndivyo nilivyolelewa, au nimekuwa mkubwa wa hospitali siku hizi? Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza kidogo, ya mtu aliyetoka usingizini.

Nikamwacha amalize, maana nina makosa. Kisha nikasema, "Nisamehe, Dada. Nipe Shangazi niongee naye."

"Unaongea naye," sauti ikasema.

Niliinuka haraka nikajigonga kichwa kwenye meza. Nikamwomba aseme tena.